Uwanja wa Farasi Uliohama Upande wa Mji

Elimu kwa Umma: maswali kuhusu uwanja wa zamani wa mbio za farasi wa Nairobi, kwa wasomaji wa Lupepo na Rungwe nzima

Hapa kwetu Lupepo mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila kumwona farasi kwa macho yake. Ng'ombe anawajua kwa rangi na kwa majina, lakini farasi ni mnyama wa kitabuni. Hata hivyo, siku hizi kijana huyohuyo akishuka Tukuyu mjini anawakuta farasi wakikimbia kwenye skrini za vibanda vya kubeti kuanzia asubuhi, na watu wazima wamewakodolea macho wakiwa na mikeka mkononi. Akiwa na ndugu Nairobi, huenda amesikia pia habari za barabara inayoitwa Race Course na kujiuliza farasi gani waliwahi kukimbia pale, katikati ya vituo vya mabasi na maduka. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayoulizwa zaidi. Mengine yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu yana mambo mengi, na mengine yametosheka na maneno machache.

Kwa nini Nairobi, na si mji wa Tanzania?

Kwa sababu katika Afrika Mashariki, Nairobi ndiyo iliyoshika mchezo huu na kuuendeleza kwa zaidi ya miaka 100, kwanza kwenye uwanja wa zamani, kisha kwenye uwanja uliopo sasa. Tanzania leo haina uwanja wa mbio za farasi wa namna hiyo. Zanzibar ilikuwa na farasi wengi zaidi enzi za masultani. Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844, binti wa Sultani Seyyid Said, ameandika jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda farasi tangu wadogo. Mwaka 1840 baba yake alituma farasi wawili wa Kiarabu Marekani kwa meli yake, Sultana, wawe zawadi kwa rais wa huko. Lakini hao walikuwa farasi wa ufalme, wa fahari na heshima. Uwanja wa mashindano wenye klabu, tiketi na dau ni habari nyingine, na kwa habari hiyo lazima twende Nairobi.

Uwanja wa zamani ulikuwa sehemu gani?

Ulikuwa upande wa mashariki wa mji, Kariokor, kuelekea Eastleigh. Mbio zilianza hapo mwaka 1904. Reli ilikuwa imefika Nairobi 1899, na kabla ya hapo pale palikuwa na mto mwembamba, majani na malisho ya Wamasai. Mji wenyewe ulikuwa na miaka mitano hivi.

Mtu wa Rungwe ataelewa haraka kwa nini walichagua mashariki akiitazama ardhi. Magharibi na kaskazini mwa Nairobi ni miinuko ya udongo mwekundu yenye miti na maji. Mashariki ni tambarare ya udongo mweusi, ule tunaouita udongo wa mbuga, ambao jua likiwaka hupasuka na mvua ikinyesha humng'ang'ania mtu hadi kiatu kibaki nyuma. Nyumba za wakubwa zilikwenda kwenye udongo mwekundu. Farasi walihitaji tambarare, na tambarare ilikuwa upande huu mwingine. Baadaye mji ulipopanuka, wale walioambiwa wakajenge kwenye udongo mweusi walikuwa Waafrika, na Wahindi wasio na uwezo wa kununua kwingine. Tukifika kwenye swali la kuhama, msomaji aukumbuke mgawanyo huu.

Mji mchanga vile ulihitaji uwanja wa farasi wa nini?

Walowezi wa Kizungu walikuwa wametawanyika kwenye mashamba ya mbali: Njoro, Nakuru, Limuru na kwingineko. Wiki ya mbio ndiyo iliyowakutanisha. Mtu alikuja kuuza ng'ombe, kuonana na benki, kutafuta mchumba kwa binti yake, kumsema gavana vibaya na kucheza kamari, yote katika juma moja. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904, mwaka uleule wa mbio za kwanza. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914. Wiki ya mbio sehemu hizo zilifurika, na siasa za walowezi nyingi zilipikwa mezani humo kabla hazijafika kwenye baraza la kutunga sheria.

Miji mingine midogo ya walowezi iliiga. Eldoret nayo ilikuwa na uwanja wake, na hadi leo kuna kata inayoitwa Racecourse katika kaunti ya Uasin Gishu. Vivyo hivyo Nakuru na Limuru waliendesha mbio zao.

Farasi walitoka wapi, na mbona huku kwetu hawakuenea?

Wa mwanzo walikuwa farasi wadogo wagumu kutoka Usomali na Uhabeshi, waliosogezwa kusini na wafanyabiashara wa Kisomali. Wengine waliletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini na India. Farasi wa mbio wa asili ya Kiingereza walifuata baadaye, kwa gharama kubwa, na wafugaji wakaanza kuwazalisha mashambani. Mmoja wao alikuwa Charles Clutterbuck wa Njoro, baba yake Beryl Markham. Beryl alikulia kwenye mazizi hayo. Alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado kijana, baba yake alipofilisika na kuondoka nchini, na mwaka 1926 farasi aliyemfundisha, Wise Child, alishinda mashindano ya St Leger ya Kenya. Mwaka 1936 aliruka peke yake kwa ndege kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi. Dunia inamjua zaidi kwa ndege hiyo, ila mkate wake wa maisha yote ulitoka kwa farasi.

Sasa kuhusu kwetu. Wapo wanaosema farasi hapendi baridi ya Rungwe. Sivyo. Tukuyu na Nairobi zinakaribiana kwa mwinuko, na farasi huishi kwenye nchi zenye theluji. Kinachowaua farasi katika Afrika ni magonjwa mawili hasa. La kwanza ni nagana, linaloletwa na mbung'o, ambalo wafugaji wetu wanalijua kwa ng'ombe. La pili ni la farasi hasa: kirusi kinachoenezwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma jioni na alfajiri. Farasi aliyeambukizwa hujaa maji mapafuni, povu jeupe likamtoka puani, na aliyekuwa mzima jana anaweza kufa leo. Katika mlipuko mkali, farasi tisa kati ya kumi wasiochanjwa hufa. Punda milia hubeba kirusi hicho bila kuugua, na punda wetu wa kawaida huhimili vizuri zaidi kuliko farasi.

Usubi huzaliana kwenye udongo mnyevu na samadi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mara mbili au zaidi ya Nairobi. Nadhani hesabu hiyo haihitaji kumaliziwa. Chanjo ipo, iliyotengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, na hupaswa kurudiwa kila mwaka. Mwenye kutaka kufuga farasi Rungwe leo anaweza, mradi awe na daktari wa mifugo anayemfahamu mnyama huyo na mfuko usiotetereka.

Waafrika walikuwa na nafasi gani pale?

Klabu ilikuwa ya Wazungu. Waafrika walikuwa masaisi: waliwalisha farasi, waliwasugua, waliwatembeza alfajiri, walilala karibu na zizi usiku mnyama akiugua. Anayetazama picha za zamani za washindi humwona mwenye farasi amevaa kofia na kushika kikombe, na pembeni amesimama mtu aliyeshika hatamu ambaye maelezo ya picha hayamtaji. Kwa maoni yangu ujuzi wa mbio za Nairobi ulikaa zaidi kwa huyo wa pembeni. Baada ya uhuru Wakenya Weusi ndio waliokuja kuwa wengi miongoni mwa wapanda farasi wa mashindano, na ujuzi huo haukushuka kutoka mbinguni.

Lakini habari kubwa ya mahali pale iko nje ya uzio wa farasi, na inatugusa sisi wa Rungwe moja kwa moja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, walowezi waliingia Nairobi na farasi wao na bunduki za kuwindia wakaunda kikosi cha wapanda farasi, East African Mounted Rifles. Kilianza kwa vifijo. Maradhi yakala farasi, wanaume wakahamishiwa vikosi vingine, na kufikia 1917 kikosi kilikuwa kimekwisha. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alileta wapanda farasi wengi zaidi kutoka Afrika Kusini. Jenerali wake, Van Deventer, akawaongoza hadi Kondoa Irangi mwezi Aprili, masika yamepamba moto. Farasi walikufa kwa maelfu, mizoga ikapangana njiani. Waingereza wakajifunza kwa hasara jambo ambalo mchungaji yeyote wa Ugogo angewaambia bure.

Farasi waliposhindwa, mzigo ulihamia kichwani kwa mwanadamu. Jeshi la Waingereza liliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Kambi yao Nairobi ilikuwa upande huohuo wa uwanja wa farasi, na jina la kikosi ndilo lililobaki kuwa Kariokor. Dar es Salaam, iliyotekwa Septemba 1916, nayo ilipata kambi kama hiyo, ndiyo Kariakoo ya leo. Katika vita nzima upande wa Waingereza ulitumia wapagazi takriban milioni moja, na waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wanakadiriwa kukaribia 100,000.

Huku kwetu wakati huo Tukuyu iliitwa Neu Langenburg na boma lilikuwa la Wajerumani. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini na kuitwaa. Chakula na risasi zake zilikuja kwa miguu ya watu, mtenga-tenga, kupitia njia zilezile za milimani ambazo sisi tunapitishia ndizi na viazi. Pande zote mbili zilichukua watu na chakula vijijini. Kwa hiyo mtu wa Rungwe anayepita Kariokor asidhani amefika ugenini kabisa. Katika mtaa mmoja Waingereza waliweka mnyama waliyemtunza kwa daktari na blanketi, na binadamu waliyembebesha hadi akaanguka. Sanamu ya askari iliyoko Kenyatta Avenue, Nairobi, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ile ya Samora Avenue, Dar es Salaam, ina askari peke yake.

Mbona uwanja ulihamishwa 1954?

Uwanja mpya ulifunguliwa mwaka huo Barabara ya Ngong, magharibi mwa mji, ng'ambo kabisa ya ule wa kwanza. Mtu akifungua ramani ya Nairobi ya wakati ule haoni fumbo. Mashariki ilikuwa imejaa. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pa Waafrika. Kijiji cha Pangani, cha Waswahili waliokuwapo karibu tangu mji uanze, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakapelekwa Shauri Moyo. Zikaja Ziwani, Starehe, Bahati. Uwanja uliojengwa nje ya mji ukajikuta umezungukwa na wafanyakazi wa mji, ilhali wenye farasi waliishi upande mwingine.

Na mwaka ulikuwa 1954. Tarehe 24 Aprili jeshi na polisi walizingira mitaa hiyo ya mashariki katika Operesheni Anvil, wakawapanga watu mistari wakitafuta wafuasi wa Mau Mau. Waliopelekwa kizuizini walifika takriban 20,000. Sisemi operesheni ndiyo iliyowahamisha farasi, maana uwanja haujengwi kwa miezi michache. Ninachosema ni kwamba katika mwaka mmoja, upande mmoja wa mji ulipata nyasi mpya na jukwaa la watazamaji, na upande mwingine ulizungushiwa seng'enge.

Kuna nini pale leo?

Barabara yenye jina, basi. Race Course Road inapita karibu na soko la Kariokor, ambalo ni maarufu kwa vyondo na nyama choma, na ina kanisa la Mtakatifu Petro Claver. Uwanja wenyewe umemezwa na mji.

Viwanja vya zamani vya farasi hugeuzwa nini miji mingine?

Uwanja wa farasi ni kitu ambacho mji ukikua hukosa kingine mfano wake: eneo kubwa, tupu, la tambarare, karibu na katikati, mali ya watu wachache. Kila serikali mpya hulimezea mate. Lagos ilipandishia bendera ya uhuru kwenye uwanja wake wa farasi tarehe 1 Oktoba 1960, na miaka ya 1970 mahali hapo pakawa Tafawa Balewa Square. Huko Dhaka, Bangladesh, kiongozi Sheikh Mujibur Rahman alihutubia umati kwenye uwanja wa farasi wa Ramna tarehe 7 Machi 1971, na Desemba mwaka huohuo jeshi la Pakistan likatia sahihi kusalimu amri palepale. Sasa ni bustani ya watu wote. Shanghai uwanja wa Waingereza ulifanywa bustani na uwanja wa umma baada ya 1949. Karibu na kwetu, Jan Meda ya Addis Ababa ilikimbiza farasi enzi za wafalme na bado ni mahali pa michezo na pa sherehe kubwa ya Timkat.

Nairobi haikupata bustani wala uwanja wa bendera pale Kariokor, ingawa mitaa ya mashariki ndiyo iliyobanana kuliko yote. Mimi nalihesabu hilo kuwa hasara kubwa kuliko kuondoka kwa farasi.

Mbio zenyewe huendeshwaje?

Farasi hukimbia kwenye nyasi, umbali hutofautiana kwa kila shindano. Ili mwenye nguvu asishinde kila siku, farasi bora huongezewa uzito: vipande vya madini ya risasi hutiwa kwenye tandiko. Mpandaji hupimwa kwenye mizani kabla ya mbio na baada ya mbio, na uzito ukipungua ushindi hufutwa. Ndiyo maana wapandaji ni watu wadogo wembamba, na wengi hula kwa kujinyima mno.

Kwa upande wa dau, njia ya kale ya viwanjani ni kuweka fedha zote za wachezaji fungu moja. Klabu hukata sehemu yake kwanza, kisha kinachobaki hugawiwa walioweka kwa farasi aliyeshinda. Farasi anayependwa na wengi hulipa kidogo, asiyedhaniwa hulipa sana. Msomaji ameona ni nani asiyepoteza kamwe: anayekata kwanza.

Na wale farasi wa kwenye skrini za Tukuyu?

Hili ndilo linalonifanya niandike. Mbio nyingi zinazoonyeshwa vibandani kila baada ya dakika chache hazikimbiwi mahali popote. Hakuna farasi, hakuna mpandaji, hakuna nyasi. Ni picha za kompyuta, na mshindi huchaguliwa na programu inayotoa namba kwa bahati nasibu, kwa viwango vilivyopangwa ili kampuni ibaki na faida. Kusoma historia ya farasi namba 4, kukumbuka kwamba jana alishinda mara mbili, kuona kwamba leo ni zamu ya namba 6: hayo yote ni bure, kwa sababu namba 4 hana mguu wa kuchoka wala tumbo la kuuma. Ukiona mbio za kweli kutoka nchi nyingine zitakuwa na jina la uwanja, saa ya kuanza na majina ya wapandaji, na haziwezi kufuatana kila dakika tatu toka asubuhi hadi usiku.

Michezo hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mwenye kibanda anayempokea mwanafunzi wa sare anavunja sheria. Mzazi ana haki ya kumshtaki kwa serikali ya kijiji au polisi, na asikubali kuambiwa ni mchezo tu.

Nikitaka kuwaona farasi wa kweli wakikimbia?

Uwanja wa Barabara ya Ngong bado unafanya kazi, na mbio huwa siku za Jumapili katika msimu. Katikati ya njia ya farasi kuna uwanja wa gofu. Palepale Beryl Markham aliishi uzee wake katika nyumba ndogo kwa hisani ya klabu, hadi alipofariki 1986. Msimu una mapumziko, kwa hiyo uliza kalenda kabla ya kukata tiketi ya basi. Usisahau pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, wala usitegemee kitambulisho cha taifa peke yake mpakani Namanga.

Kwa mwenye kupenda mbio kuliko farasi, Lamu, pwani ya Kenya, hukimbiza punda kwenye tamasha lake la utamaduni. Njia ni ile ya ufukweni mbele ya mji, wapandaji ni vijana wanaobeba mchanga na mawe kwa punda haohao siku nyingine zote za mwaka, na kutazama ni bure.